Kisanduku Kilichokosa Usingizi

Kenta ya Yassir ilipoanza kushuka mteremko wa mwisho wa kwenda bonde la Momba, Zakia aliteremsha kioo cha dirisha, akakipandisha palepale. Hewa iliyoingia ilikuwa ya moto kama mtu kafunua sufuria ya wali. Asubuhi hiyo Tunduma aliiacha watu wamejikunyata ndani ya makoti, naye alikuwa bado na sweta, na juu ya sweta mtandio, na chini ya mtandio jasho lililokuwa likimtiririka hadi kwenye nyusi.

"Yassir," alisema, "huku wanaishi watu kweli?"

"Wanaishi, tena wanacheza ngoma. Vua sweta, hakuna wa kukuangalia. Mimi naangalia kona, na mgeni wetu amefumba macho."

Mgeni alikuwa amefumba macho kwa sababu ya hizo kona. Alikuwa mtu wa safari nyingi na daftari moja, aliyeomba lifti pale njiapanda ya Mpemba bila kuuliza gari linakwenda wapi, na kwa ujasiri huo akapewa nafasi ya katikati na kazi ya kupakata mkoba wa vifaa usidunde. Bonde hili hakuwahi kuliona. Zakia naye hakuwahi kuliona, na kwake hiyo ilikuwa aibu kidogo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amezaliwa Tunduma, amevuka mpaka kwenda Nakonde mara zisizohesabika, Lusaka amefika mara mbili ndani ya lori la baba yake, lakini chini huku, ndani ya mkoa wake mwenyewe, ilikuwa mara ya kwanza. Kosa lake lote lilianzia hapo, ingawa wakati ule alikuwa hajalijua.

Alikuwa akienda kuona maiti. Maiti yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, ya plastiki, rangi ya kijivu, na ilikuwa imening'inia shingoni mwa ng'ombe.

Kisanduku hicho alikitengeneza yeye mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na chipu ndogo iliyo ubongo wa kazi nzima, laini ya simu, kifaa cha kujua mahali, na betri mbili alizozitoa kwenye kompyuta zilizokufa. Kazi yake ilikuwa rahisi kuisema: kila siku saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri kiamke, kijue kiko wapi, kitume meseji kwenye simu ya mwenye ng'ombe, kisha kilale. Kulala ndiko kulikuwa kazi yenyewe. Chipu ikikesha, betri zile zinakwisha kwa siku chache. Ikilala usingizi mzito, ule wa kuzima kila kitu na kubakiza saa moja ndogo inayohesabu gizani, betri zilezile zinafika miezi minne na chenji. Na miezi minne ndiyo ng'ombe wa Mzee Bugalama walikuwa wanakwenda kukaa kwenye nyasi za upande wa Ziwa Rukwa, ambako hakuna pa kuchajia hata tochi. Walikuwa wanaondoka kesho alfajiri.

Kisanduku cha kwanza kiliishi siku tisa. Cha pili kiliishi siku kumi na moja, kikanyamaza Alhamisi.

Habari za usingizi Zakia alizijua kabla ya kujua habari za umeme. Alikulia kando ya foleni. Pale Tunduma malori hupanga mstari yakingoja kuvuka mpaka, siku moja, siku mbili, na binti wa Mzee Ramadhan, mwenye malori matatu, alikuwa akiwapelekea madereva chai akiwa na urefu wa tairi. Aliona kwamba madereva hawalali namna moja. Yuko anayezima injini akaegemea usukani jicho moja wazi; foleni ikisogea hatua tatu, naye yuko tayari. Yuko anayelala kweli lakini ameacha redio inaimba. Huyo asubuhi betri haina kitu, anazunguka akiomba kusukumwa, mulishani mukwai, akiwaamkia kwa Kibemba, nisaidieni ndugu zangu. Na yuko bingwa, anayezima kila kitu hadi kijitaa cha saa, anajifunika blanketi kichwani, na kumwambia jirani yake, "Nigongee mlango zamu yangu ikifika." Huyo huamka amenenepa. Miaka baadaye, chuo cha ufundi Mbeya, mwalimu alipochora ubaoni ngazi za usingizi wa chipu, kutoka kusinzia hadi kuzimia, darasa zima lilikuna vichwa, Zakia akacheka peke yake huko nyuma. Aliwajua wote kwa majina na kwa namba za magari.

Baba yake hakucheka. Mzee Ramadhan aliiacha Kisarawe akiwa utingo, akapanda hadi kumiliki ofisi ya kutolea mizigo forodhani, na ndani ya ofisi hiyo kulikuwa na kiti kando ya dirisha ambacho kwa miaka miwili hakikukaliwa na mtu. Kilikuwa cha Zakia. Zakia alikuwa sokoni, kwenye meza yenye mwavuli, akitengeneza simu za Wazambia na kujaribu visanduku vyake.

"Nikuambie," baba alisema juzi, akiwa na sahani ya maharage mkononi. "Ng'ombe wa yule Msukuma wakiondoka na kisanduku chako kinapumua, kiti nampa mtu mwingine na sitakisema tena maisha yangu. Wakiondoka bila, Jumatatu saa mbili uko dirishani."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu. Ila vaa viatu, si ndala."

Walipeana mikono. Na sasa ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, na kenta ilikuwa imefika chini.

Bonde lilikuwa tambarare kiasi kwamba mbuzi mmoja aliyesimama mbali alionekana mkubwa. Yassir, aliyekuwa akienda Kamsamba kupakia mpunga na kurudi kesho, aliwashusha kwenye uzio wa miti ya miiba, akapiga honi, akaondoka na vumbi lake. Mzee Bugalama alitoka amevaa kofia ya pama. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea kama mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote. Siku zote alizokutana na Zakia ilikuwa Tunduma mezani, yeye amekuja na baiskeli juu ya lori. Nyuma yake alikuja binti yake Kabula, aliyekuwa ameshika simu.

Zakia na Kabula walikuwa wakitumiana sauti kwa miezi mitatu na hawajawahi kuonana. Walitazamana, wakacheka wote wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa amemfikiria mwenzake kuwa mnene.

"Shikamoo baba," Zakia alimwambia mzee.

"Marahaba. Mzaramo umefika kwenye ng'ombe. Angalia usiwaulize wanauzwa na nazi au bila."

Zakia alijua utani huu. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na Mzee Bugalama alikuwa haupotezi hata siku ya msiba.

"Baba, mimi nimekuja kukuzika. Kisanduku kimeniambia wewe ndiye uliyekiua."

"Mimi? Kisanduku cha pwani hicho, kimezoea kulala barazani. Kimeona jua la Momba, kimekufa kwa kudeka."

"Kilisalimia lakini?"

"Kilisalimia," mzee alikiri. "Hilo siwezi kukisingizia."

Kisanduku cha kwanza hakikusalimia. Kilikuwa kinatuma namba tupu, na Mzee Bugalama akapiga simu Tunduma akiwa amekasirika kweli: kitu kidogo vile, kimekaa shingoni mwa ng'ombe wake, kinaingia kwenye simu ya mtu mzima na namba tu, bila hodi. Zakia akapiga hesabu akaona kwamba meseji fupi na meseji fupi zaidi zinakula betri ileile. Cha pili kikawa kinasema *Mwangaluka baba* asubuhi na *Mwadila baba* alasiri, kama inavyopasa kwa Kisukuma, ndipo kikataja mahali kilipo, kikamaliza: *Nalala tena.* Kabula alisema baba yake alikuwa akiitikia kwa sauti, peke yake, nyuma ya nyumba.

"Haya, niletee marehemu," Zakia alisema.

"Anakuja na gari lake," alisema Kabula.

Ng'ombe walikuwa hawajakwenda mbali siku hiyo kwa sababu ya safari ya kesho. Severini, mchungaji mkuu, ndevu za mvi na fimbo mabegani, alikuwa akiwarudisha uani wapumzike kivulini. Mbele yao wote, kwa mwendo wa mtu anayejua anatazamwa, alikuja jike mweupe mwenye mabaka machache na pembe pana. Walimwita Bibi Harusi, kwa ule mwendo. Kila hatua yake ilikuwa na sauti: ko, ko, ko. Akisimama kutafuna, ko. Akifukuza nzi, ko ko ko ko.

Zakia alitazama shingo ya Bibi Harusi. Palikuwa na mkanda mmoja wa ngozi. Kwenye mkanda huo palikuwa na kisanduku chake cha kijivu, na kando yake, kikigusana nacho bega kwa bega kama wanandoa, palikuwa na kengele ya bati nene, kubwa kama kikombe cha uji, yenye ulimi wa mti, iliyokuwa ikikipiga kisanduku mbavuni kila ng'ombe alipopumua.

Zakia aliketi chini, vumbini, na sweta lake mapajani. Alianza kucheka kimya, mabega tu yakitikisika, kisha kikatoka kicheko chote.

"Ameshikwa na jua," alisema Severini.

"Baba," Zakia alisema alipoweza, "nani aliweka kengele hapa?"

"Babu yangu," alisema Mzee Bugalama.

Ilibidi aeleze, na alieleza akiwa bado ameketi vumbini. Ndani ya kisanduku alikuwa ameweka kitu cha kuhisi mtikisiko, kidogo kama punje ya mchele. Alikiweka kwa ajili ya wezi. Chipu ilale usingizi mzito, lakini kitu kile kikishtuka, kiikung'ute: amka, ng'ombe anaswagwa. Alijivunia punje ile kuliko kitu chochote maishani. Aliijaribu wiki nzima Tunduma, amekivaa kisanduku shingoni mwake mwenyewe sokoni, na watu wakimuuliza kama ameposwa na fundi redio. Alikipima ili kisiamke kwa kutembea wala kwa kupiga chafya, kiamke kwa mshtuko mkubwa tu. Kilifanya kazi vizuri sana. Ila Zakia binti Ramadhan, shingoni mwake, hakuwa na kengele.

"Kwa hiyo," alisema Kabula polepole, "kila akitafuna..."

"Kinaamka."

"Na akifukuza nzi?"

"Kinaamka. Kinawasha kila kitu, kinauliza kuna nini, kinaona hakuna kitu, kinalala. Ko. Kinaamka. Siku kumi na moja, Kabula. Hakijalala hata dakika moja. Kimekufa kwa usingizi."

Mzee Bugalama alikitazama kisanduku kwa huruma ambayo hajawahi kumwonyesha Mzaramo yeyote. "Maskini," alisema. "Na bado kilikuwa kinasalimia."

Basi dawa ilionekana nyepesi: kengele itoke. Zakia aliisema. Severini alishusha fimbo mabegani. Mzee hakubishana, alikwenda akafungua kengele, akamgonga Bibi Harusi kiunoni. Bibi Harusi akatembea kwa madaha yaleyale hadi langoni, kimya, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeinua kichwa. Kisha mzee akasimama katikati ya uwanja akaitikisa kengele mkononi mwake. Ng'ombe arobaini wakageuka, wakaanza kumfuata Mzee Bugalama, Bibi Harusi naye akirudi mbio kuchukua nafasi yake.

"Umeona," alisema akizunguka uwanja na msafara wake. "Wanaifuata hii, si yeye. Nikiitoa, Severini atafika Rukwa na ng'ombe mmoja mzuri."

Zakia aliona. Akafikiria mkanda wa pili, lakini shingo ni ileile na mtikisiko ni uleule. Akafikiria kuipunguza ukali ile punje. Kwa hilo alihitaji kompyuta, na kompyuta ilikuwa Tunduma kioo kimepasuka. Ilikuwa saa saba na nusu. Alianza kuliona lile dirisha la forodhani, na kiti, na jozi ya viatu.

"Hebu," alisema Kabula. Alikuwa amechuchumaa mbele yake, amekamata simu kwa mikono miwili. "Hiyo punje, kazi yake nini tena?"

"Kuamsha usiku wezi wakija."

"Kumwamsha nani?"

"Chipu."

"Na chipu imwamshe nani?"

"Itume meseji, baba yako aamke."

"Baba atakuwa huku. Ng'ombe watakuwa kule, siku tatu kwa miguu. Aamke afanye nini, alie? Anayelala na ng'ombe ni Severini. Kengele ikilia usiku Severini ameshasimama. Si ndiyo, baba Severini?"

"Nikiisikia ikilia vibaya ndotoni nasimama kabla ya kufumbua macho," alisema Severini.

Zakia alimtazama Severini, akaitazama kengele, akalitazama bati lake lisilo na waya hata mmoja. Miezi mitatu alikuwa anahangaika kutengeneza kitu ambacho babu yake Mzee Bugalama alikwisha kukitengeneza, kikafanya kazi mchana na usiku, mvua na jua, na hakikuwahi kuomba chaji.

"Kabula," alisema, "wewe ungekaa mezani kwangu wiki moja ningekuwa tajiri."

"Ningekuwa mimi tajiri. Wewe ungekuwa unacheka chini."

Kazi ilifanyika jikoni kwa Kabula, chini ya paa la nyasi. Solda ya Zakia ilikuwa ya umeme na umeme haukuwepo, kwa hiyo wakachukua msumari wa nchi sita, wakaushindilia kwenye mti, wakauweka kwenye makaa. Mgeni akapewa feni ya kupepea moto, yaani mfuniko. Zakia akakifungua kisanduku, akaweka betri mpya alizokuja nazo, akaunga mita ya umeme katikati ili waone kinakunywa kiasi gani. Kisha akaigusa kwa ncha nyekundu ya msumari ile punje aliyoipenda kuliko vyote. Ikang'oka, ikadondokea kwenye majivu, wala hakuitafuta.

Kisanduku kiliamka, kikauliza mnara wa simu ni saa ngapi, kikajibiwa, kikalala. Namba kwenye mita ikaanguka. Kabula akapiga vigelegele. Namba ikapanda. Ikaanguka. Ikapanda tena, bila kuguswa na mtu.

"Kina homa," alisema Mzee Bugalama akichungulia juu ya mabega yao.

Zakia aliusogeza mkono karibu, namba ikapanda. Akauondoa, ikashuka. Akauma mdomo, na wote wakauma midomo. Kisha akajipiga paji la uso. Alipoing'oa ile punje, mguu wa chipu uliokuwa ukiisikiliza ulibaki hewani, haujashikwa na kitu. Mguu wa namna hiyo husikia kila upepo: mkono ukipita, kitambaa kikisuguana, unadhani umeitwa.

"Ni yule dereva wa foleni," alisema. "Amelala, lakini sikio kaliacha nje ya dirisha."

Alikata kipande cha waya chembamba kama unywele, akautia msumari motoni mara ya pili, na kwa tone moja la risasi akaufunga ule mguu kwenye upande hasi wa betri, utulie usisikie kitu. Akainua mikono kama mtu anayeombewa.

Namba ikashuka. Ikashuka hadi sifuri, na nyuma ya sifuri kijinamba kidogo kilichokaa mahali pake kama kimegundishwa. Zakia akaangalia, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Hicho ni usingizi," alisema kwa kunong'ona. "Kwa kunywa namna hiyo, kinafika mwezi wa kumi na moja."

"Unanong'ona kwa nini?" aliuliza Mzee Bugalama. "Kisiamke?"

"Nimesahau tu, baba. Hakiwezi kuamka."

Hapo ndipo mzee aliposimama wima, na macho yake yakawa na kitu ambacho Kabula alikijua, kwa sababu alianza kukusanya sufuria zisikanyagwe.

"Hakiwezi?" alisema. "Kitu cha Kizaramo, uwanjani kwangu, hakiwezi kuamshwa na Msukuma?"

Alianza na kengele ya Bibi Harusi, akaitikisa sentimita mbili juu ya kisanduku. Mita haikusogea. Severini akaleta kengele mbili za mitamba, akazigonganisha. Mita haikusogea. Kabula akakifunga kisanduku na mita yake juu ya ubao, akaufunga ubao mgongoni kwa kanga kama mtoto, akaanza kuruka, na Zakia akimfuata nyuma ameinama, jicho kwenye namba, akitangaza: "Amelala. Amelala. Bado amelala." Majirani waliosikia kengele wakadhani kuna harusi, wakaja. Mmoja alikuja na ngoma, kwa sababu huku mtu akisikia kelele hatoki mikono mitupu. Mzee Bugalama akavua kofia, akaivaa tena, akaingia katikati akicheza kwa mabega, njuga za mtu fulani miguuni, akimwimbia kisanduku kwamba mvivu, amka, ng'ombe wameingia shambani, amka, baba yako Mzaramo ameteremka na lori la nazi. Ng'ombe arobaini walijipanga kwenye uzio wakitazama. Mgeni naye alikuwa amepewa kengele, na aliipiga vibaya, nje ya mapigo, hadi bibi mmoja akamnyang'anya.

"Amelala," Zakia aliita, sauti imemkauka. "Jamani, amelala fofofo."

Walicheza hadi vumbi likaficha jiko. Saa tisa kasorobo Zakia aliunga waya pembeni, akaitoa mita, akakifunga kisanduku mfuniko wake, akakiweka juu ya kigoda katikati ya uwanja. Watu wakaketi, wamechoka, wanahema. Hakuna aliyekigusa. Hakuna kengele iliyolia, hata Bibi Harusi alikuwa ameacha kutafuna. Kabula alikuwa na simu ya baba yake kiganjani.

Dakika zilipita. Mtu mmoja akakohoa, akatazamwa vibaya.

Simu ikatetemeka.

Kabula akasoma kwa sauti: "*Mwadila baba. Nipo nyumbani. Nalala tena.*"

Mzee Bugalama alikigeukia kigoda. "Mwadila," alikijibu, kwa heshima, mbele ya watu wote.

Kisha akaomba simu, akampigia Mzee Ramadhan, Tunduma. Zakia alisimama karibu, mikono nyuma, akisikia upande mmoja tu.

"Mzaramo. Umeshindaje huko kwenye baridi yako... Mimi mzima. Sikiliza, nimesikia una kiti dirishani... Ndiyo. Huyo unayemngoja Jumatatu hatakuja. Ana ng'ombe... Wangu, wa nani tena, wewe una ng'ombe? Na jirani zangu wanne wanataka... Aa, sivyo, kelele hizo si ugomvi. Tulikuwa tunajaribu kukiamsha, tumeshindwa." Alisikiliza kidogo, akageuka kumwangalia Zakia. "Baba yako anauliza kama umevaa viatu."

"Mwambie ndala," alisema Zakia.

Alfajiri ng'ombe waliondoka. Bibi Harusi alitangulia, ko, ko, ko, na kisanduku kando ya kengele yake mahali palepale kilipokuwa, kwenye mkanda uleule mmoja, kinapigwa mbavuni kila hatua na hakijali. Severini hakuaga, aliinua fimbo tu. Sauti ilisikika muda mrefu baada ya vumbi kutoonekana.

Kenta ya Yassir ilirudi saa mbili na magunia ya mpunga. Zakia alikuwa hajalala usiku kucha: alikaa na Kabula wakichora chini kwa kijiti visanduku vya majirani wanne, chenye mfuniko wa ngozi, chenye tundu la kamba, kisicho na punje ya kitu chochote. Sasa alikuwa na jogoo kwapani, zawadi ya mzee, na sweta kichwani badala ya mtandio uliobaki kwa Kabula.

"Mgeni panda, twende," Yassir aliita.

"Mgeni anabaki," alisema Mzee Bugalama. "Saa tatu kinaamka kule njiani. Nataka mtu asiye wa kwangu wala wa Mzaramo aione hiyo meseji kwa macho yake, wasije wakasema niliitikia hewa. Ataondoka na gari la keshokutwa."

Mgeni hakupinga. Alikuwa amekwisha kukaa kwenye kigoda.

Zakia alipanda, akafunga mlango kwa kishindo mara mbili kama unavyotaka mlango wa kenta ile, akatoa kichwa nje. "Kabula, saa tatu nipigie."

"Sikupigii. Utaona mwenyewe."

"Nipigie hata kama..."

Gari liliondoka na sentensi yake. Kabula alilifuata hatua chache, kisha akasimama akicheka, akinyoosha kidole. Kenta ilipopinda, kupitia dirisha la ubavuni walimwona Zakia: kichwa kimeangukia dirishani, mdomo wazi, jogoo amesimama mapajani pake akitazama mbele kama utingo. Kenta ilipiga korongo la kwanza, ikaruka na magunia yake yote, ikatua. Jogoo alipiga kelele. Yassir alipiga honi. Zakia hakutikisika hata ukope.

Kabula alirudi akaketi chini karibu na kigoda, akaweka simu katikati, na yeye na mgeni wakaanza kungoja saa tatu.